Mama Stella Obasanjo na kliniki ya Marbella

Mwisho wa juma ya tarehe 22 na 23 Oktoba 2005 ulikuwa wa machozi kwa inchi ya Nigeria. Siku ya posho usiku, ndege ya kampuni Bellview iliruka Lagos ikienda Abuja, haikufika. Watu 117 waliokuwa ndani walikufa wote. Siku ya yenga, wakati watu walikuwa wangali wanalilia wale, habari ingine ikatoka Ulaya: Mama Stella Obasanjo, bibi ya prezidenti, amefariki mu muji wa Marbella, Hispania. Alibakiza juma tatu tu atimize miaka 60. Haikuwa malaria, haikuwa ajali ya barabara. Alikuwa ameenda kupasuliwa juu ya urembo, apunguziwe mafuta ya mwili.

Tunaandika habari ya huyu mama leo kwa sababu hapa kwetu, tangu Kolwezi mpaka Lubumbashi, maneno ya kuenda inje ya inchi kutengenezesha tumbo, maziwa ao pua hayasikilike tena kwa wakubwa peke yao. Yameingia mu kambi. Baba anapata feza yake ya mwisho wa kazi, binti anaonyesha mama yake picha mu telefone, na mutu fulani anasema anajua kliniki moja ya bei muzuri kule Istanbul ao Tunis. Sisi hatuko hapa kwa kucheka mama yeyote. Mwanamuke aliyezaa mara saba iko na haki ya kutazama mwili wake na kutaka ubadilike. Lakini tusikilize kwanza namna ilivyokuwa kwa mwingine.

Stella alizaliwa tarehe 14 Novemba 1945 ku Iruekpen, mahali ambapo leo ni jimbo la Edo. Hakuzaliwa mu shida. Baba yake, Christopher Abebe, alipanda ngazi mu UAC, kampuni kubwa ya biashara ya Waingereza, mpaka akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza UAC ya Nigeria. Wale ambao wazee wao walitumika ku Union Minière wataelewa uzito wa hilo neno: mutoto wa inchi kukaa mu kiti cha muzungu. Binti alisoma ku St Theresa's College ya Ibadan, kisha ku université ya Ife, kisha akavuka bahari kusoma mambo ya asiransi mu Uingereza, London na Edinburgh. Alijifunza pia kazi ya sekretere ku Pitman College.

Mu 1976 alirudi kwao. Mwaka ule ule njo Olusegun Obasanjo alishika utawala, kisha Murtala Muhammed kuuawa mu mwezi wa pili. Stella akawa mumoja wa wabibi zake, akamuzalia mutoto mwanaume. Na Obasanjo mwenyewe si mugeni kwetu: akiwa ofisa kijana alikuja na jeshi la ONU wakati wa fujo za uhuru, akakaa Bukavu; mu 2008 ONU ikamutuma tena huku juu ya vita ya Kivu. Lakini hiyo ni habari ya siku ingine.

Mu 1995 Jenerali Abacha alimufunga Obasanjo mu gereza, akisema alitaka kupindua serikali. Stella hakukaa kimya. Alipiga milango, aliomba wakubwa wa inchi na wa inje wamuachilie bwana yake, miaka mitatu. Abacha akakufa mu Juni 1998, mufungwa akatoka, na tarehe 29 Mei 1999 akaapa kuwa prezidenti. Mama Stella akawa mama wa inchi.

Kile alifanya pale kinafaa kukumbukwa kupita kifo chake. Mu 2000 alianzisha Child Care Trust, shirika la kusaidia watoto wenye shida na watoto vilema. Na tarehe 6 Februari 2003, mu mukutano ku Addis-Abeba, ni yeye alisimama mbele ya wabibi wengine wa maprezidenti na kutangaza kwamba Afrika haitavumilia tena desturi ya kukata wasichana sehemu zao za siri. Ile tarehe, dunia yote inaishika kila mwaka mpaka leo.

Sasa tufike Marbella. Ni muji wa matajiri, ku bahari ya kusini ya Hispania, wenye makliniki mengi ya urembo. Kazi aliyofanyiwa wafaransa wanaiita liposuccion. Tuieleze namna inafanyika, juu wengi wanaisema bila kujua. Munganga anatoboa tundu kidogo mu ngozi, anaingiza bomba nyembamba ya chuma, na mashine inavuta mafuta. Yale mafuta iko kati ya ngozi na nyama ya misuli. Nyuma ya misuli kuko matumbo na ini. Ncha ya bomba munganga haione. Anaifuata na mukono mwingine uliowekwa juu ya ngozi, sawa vile mutu wa forage anajua jiwe kwa mutetemo wa mashine. Mukono uliozoea unasikia wakati bomba inataka kupita mipaka. Mukono usiozoea, ao wenye haraka, hausikie.

Kwa Mama Stella bomba ilipita. Iliingia ndani ya tumbo, ikatoboa utumbo mukubwa na kupasua ini. Utumbo ukitobolewa, uchafu wake unamwangika mu tumbo na kuoza damu. Ini likipasuka linatoa damu bila mutu wa inje kuona kitu. Hii hatari inajulikana na kila mupasuaji wa kweli. Kama ikionwa mapema, mutu anafunguliwa tumbo mu lupitalo kubwa, wanashona, na wengi wanapona. Kwa hiyo saa zinazofuata operasio njo zenye kuamua. Maumivu yanayozidi pahali pa kupungua, tumbo kuwa ngumu, homa, kutapika, moyo kupiga mbio, pumzi fupi: moja tu kati ya hayo inaomba munganga afike, usiku ao muchana. Yeye alikufa siku mbili kisha kupasuliwa.

Watu walishangaa: bibi ya prezidenti, mwenye walinzi na feza ya kulipa munganga yeyote duniani! Sisi tunaona pale njo kwenye habari inatugusa. Feza inanunua tiketi na kitanda. Haikwambie mukono wa nani utashika bomba.

Chini ya mugodi hakuna mutu anaachiwa kuwasha baruti bila karatasi inayosema alifundishwa baruti. Lakini mu mambo ya urembo, inchi nyingi zinaacha munganga wa kawaida aandike neno esthétique ku mulango wake. Hispania yenyewe, serikali inatambua chirurgie plastique kama kazi ya pekee, na munganga anaisomea miaka mitano kisha kumaliza masomo ya unganga. Neno urembo peke yake si diplome. Mutu anayetaka kusafiri aulize jina kamili la munganga, si jina la kliniki, kisha atafute lile jina ku Ordre des médecins ya ile inchi. Ufaransa, liste ya Ordre iko wazi kwa kila mutu na inaonyesha munganga alisomea nini. Kama yule anayekuuzia safari anakataa kutoa jina, ao anasema utamujua munganga ukifika, funga telefone.

Ufaransa iko na sheria ingine muzuri, na ilikazwa mu ule ule mwaka 2005: munganga wa urembo analazimika kukupa devis ya maandishi, na kati ya ile karatasi na kisu lazima zipite siku 15. Mu zile siku hana ruhusa ya kukulomba feza ya operasio. Linganisha na wale wanaokwambia ulipe nusu leo juu bei itapanda kesho.

Tena, diplome peke yake haitoshe, juu yule wa Marbella alihukumiwa sababu ya kazi ya mikono yake. Uliza ni mara ngapi amefanya ile operasio yenyewe. Uliza nani atakulalisha, kama ni munganga wa anestezi wa kweli, na kama atakuona mbele ya ile siku. Uliza usiku nani anabaki kliniki, na kama mambo yanaharibika wanakupeleka lupitalo gani yenye reanimasio, umbali wa dakika ngapi. Kliniki ya heshima inajibu bila kukasirika. Na usikubali wakupandishe ndege upesi: damu inaweza kuganda mu miguu kisha operasio, na kukaa mu kiti masaa mingi inaongeza ile hatari. Karatasi utakayotia sahihi iwe mu luga unayosoma. Ripoti ya operasio, uilete nyumbani, na munganga wako wa hapa ajue mbele ya safari, juu siku jeraha likifunguka mwezi wa pili, ni yeye atakuona, si ule wa Istanbul.

Na mama anayetaka tu tumbo lirudi kisha kuzaa, ajue hili: kuvuta mafuta hakukaze misuli iliyolegea wala ngozi iliyoanguka, na si dawa ya unene. Munganga mwaminifu atamwambia arudi nyumbani na feza yake. Tunasikiaga watu wanasema munganga wa namna hiyo hajui biashara. Sisi njo yeye tungechagua.

Kuko pia siri. Wengi wanaenda kimya, bila kuambia bwana, bila kuambia dada, wakiogopa kuchekwa. Tunaelewa aibu. Lakini mutu aliyelala na dawa hawezi kupigania maisha yake; anahitaji ndugu mumoja pembeni, mwenye kuona tumbo linavimba, mwenye kugonga mulango wa munganga mpaka afungue. Wababa wanaosoma hii, wakianza kelele kila mara bibi anataja mwili wake, ataenda tu, na ataenda peke yake.

Mutoto wa Mama Stella hakuacha ile kesi. Mu 2009 tribinali ya Hispania ilimuhukumu munganga, ambaye hakimu walitaja tu kwa herufi mbili A na M, juu ya kuua kwa uzembe: mwaka mumoja wa kifungo, miaka mitatu bila ruhusa ya kufanya kazi ya unganga, na kulipa mutoto euro karibu 120 000.