Paul Otlet: Mbelgiji aliyeunganisha maarifa kwa kadi kabla ya intaneti

Zamani kabla ya kompyuta na simu janja, ilikuwepo ofisi mjini Brussels, Ubelgiji, ambako mtu angeweza kutuma swali kwa barua na kurudishiwa majibu yaliyonakiliwa kutoka kwenye droo za kadi. Mwaka 1912 maswali ya aina hiyo yalipita 1,500. Aliyeianzisha huduma hiyo aliitwa Paul Otlet.

Kama simuni mwako una programu ya kuandika dondoo fupi na kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe, basi unatumia wazo ambalo huyu jamaa alilihangaikia maisha yake yote.

Mtoto wa vitabu

Otlet alizaliwa Brussels Agosti 23, 1868. Baba yake, Édouard, alikuwa tajiri wa biashara ya tramu. Mama alifariki Paul akiwa na miaka 3 tu. Mzee hakutaka kumpeleka shule, akamwajiria walimu wa nyumbani hadi alipofika miaka 11. Marafiki hakuwa nao wengi. Alicheza na mdogo wake Maurice, na muda mwingine alikuwa na vitabu vyake.

Alihitimu sheria mwaka 1890, akaoa mwaka huohuo na kuanza kazi kwa wakili maarufu, Edmond Picard. Lakini uwakili haukumkaa moyoni hata kidogo.

Kadi moja, jambo moja

Mwaka 1892 alieleza kilichokuwa kinamkera. Kitabu, kwa maoni yake, kina kasoro: mwandishi ndiye anayeamua nini kikae wapi. Wewe unatafuta jambo moja, unalazimika kupekua kurasa mia tatu.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Toa kila jambo kitabuni, liandike kwenye kadi yake. Kadi inahamishika, inapangika upya, inaweza kukaa jirani na kadi nyingine iliyotoka kitabu tofauti kabisa.

Mwaka 1895 yeye na rafiki yake mwanasheria, Henri La Fontaine, wakaanzisha taasisi ya kuorodhesha kila kilichochapishwa duniani. Hadi mwaka huo unaisha walikuwa na kadi 400,000. Baadaye zilipita milioni 15. La Fontaine ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1913.

Namba zinazoongea

Sasa, kadi zote hizo utazipataje? Otlet alichukua mfumo wa namba wa Mmarekani Melvil Dewey na kuupanua. Jambo kubwa aliloongeza ni alama za kuunganisha.

Mfano: elimu ni 37, kilimo ni 63. Ukiweka nukta mbili katikati, 37:63, unapata uhusiano wa elimu na kilimo. Afrika ni (6), kwa hiyo 63(6) ni kilimo cha Afrika. Yaani namba yenyewe inakuambia hii kadi inahusiana na nini. Mfumo huo unaitwa UDC, na hadi leo unatumika kwenye maktaba za nchi nyingi.

Afrika nayo imo

Kuna upande wa Otlet usiopendeza. Mwaka 1888, wakati Mfalme Leopold II anaishika Kongo, kijana huyu wa karibu miaka 20 alichapisha kijitabu akitaka Wamarekani weusi wahamishiwe Afrika kupeleka ustaarabu. Aliwaona Waafrika kwa macho ya mkoloni.

Miaka 33 baadaye, mwaka 1921, jengo lake la Brussels likapokea kikao cha Kongamano la Pan-Afrika lililoongozwa na W.E.B. Du Bois. Safari hii yeye na La Fontaine walikuwa upande wa wenyeji waliofungua milango.

Milango inafungwa

Baada ya Vita ya Kwanza, vita iliyomuua mwanawe Jean mwaka 1914, serikali ya Ubelgiji ilimpa nafasi kwenye jengo kubwa la Cinquantenaire. Mahali hapo baadaye pakaitwa Mundaneum. Otlet aliota dunia nzima ikikusanya maarifa yake pamoja ili watu waache kupigana.

Mwaka 1934 serikali ilichoka, ikafunga. Otlet alikaa nje ya ofisi zake zilizofungwa akipinga. Haikusaidia. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake kikubwa, Traité de documentation, akielezea meza isiyo na kitabu hata kimoja, yenye skrini na simu tu, ambapo msomaji anaomba ukurasa ulio mbali na unamtokea mbele yake.

Mwaka 1940 Wajerumani wakaiteka Ubelgiji. Walitaka nafasi ya kufanyia maonyesho ya sanaa yao, wakaondoa vitu vya Mundaneum na kuharibu shehena za nyaraka. Zilizobaki zilihamishiwa jengo chakavu. Otlet alifariki Desemba 10, 1944, akiwa na miaka 76, vita bado haijaisha.

Kilichobaki

Mwaka 1968 mtafiti kijana, W. Boyd Rayward, alikuta karatasi za Otlet zimejaa vumbi mjini Brussels, akaanza kuandika habari zake. Mwaka 1998 Mundaneum ilifunguliwa upya kama makumbusho mjini Mons, na droo nyingi za kadi zipo pale hadi leo.

Siku hizi programu nyingi za dondoo zinafuata njia ileile: faili moja, wazo moja. Unaandika jina la dondoo nyingine ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, na kiungo kinajitengeneza. Nyingine zinakuonyesha pia dondoo zote zinazoelekea kwenye hiyo uliyofungua, kazi ambayo wafanyakazi wa Otlet wangeifanya kwa kupekua droo siku nzima.

Ila wanaozitengeneza kwa maandishi matupu, yaani faili isiyo na mapambo ambayo programu yoyote inaweza kuifungua, wanaziba pengo lililommaliza Otlet. Yeye viungo alikuwa navyo, funguo za jengo hakuwa nazo. Faili ya maandishi matupu inanakilika kwenye simu, kompyuta na flashi kwa dakika chache, na kampuni iliyotengeneza programu ikifunga milango kesho, dondoo zako bado unazo na bado zinasomeka.