Elspeth Huxley wa Njoro: Burudani ya Uandishi na Gharama Yake

Utangulizi

Elspeth Huxley ni miongoni mwa waandishi wanaotajwa mara nyingi panapozungumziwa maandishi ya walowezi wa Kenya. Wasomaji wengi humfahamu kwa kitabu kimoja tu, The Flame Trees of Thika, kilichotoka mwaka 1959, na kwa sababu hiyo humhusisha na Thika. Hata hivyo, Thika ilikuwa kituo cha utotoni tu. Makao yaliyodumu ya familia yake nchini Kenya yalikuwa Njoro, mwendo wa kilomita zipatazo ishirini kutoka mjini Nakuru. Jambo la pili ambalo halitiliwi maanani ni kwamba riwaya zake za kwanza hazikuwa kazi ya kuajiriwa wala ya kuagizwa. Zilikuwa burudani ya mwanamke aliyekuwa na wasaa na kalamu. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuifuata burudani hiyo: ilitoka wapi, ilizaa nini, na ni nani hasa aliyeigharamia.

Malezi na shamba la Njoro

Elspeth Josceline Grant alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walifika Kenya mwaka 1912 wakiwa na matumaini makubwa ya kulima kahawa Thika. Binti yao aliwafuata akiwa na umri wa miaka sita. Vita Vikuu vya Kwanza viliitawanya familia hiyo, na Elspeth alirudishwa Uingereza kusoma shule ya bweni, kisha akarejea Kenya baada ya vita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, familia ilihamia Njoro. Shamba lao liliitwa Gikammeh, jina litokanalo na neno la Kikuyu la perere, mnyama mdogo wa mitini ambaye kilio chake husikika usiku msituni. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake ni wa baridi, na moto uliwashwa ndani ya nyumba karibu mwaka mzima. Majirani walikuwa mbali na barabara zilikuwa za matope. Katika nyumba za namna hiyo, jioni zilikuwa ndefu, na kila mtu alitafuta la kumshughulisha: kusoma, kufuma, kushona, kucheza karata au kuandika barua. Nellie Grant alikuwa mwandishi hodari wa barua. Barua alizomwandikia bintiye kwa miongo kadhaa zilikuja kuchapishwa mwaka 1980 katika kitabu kiitwacho Nellie: Letters from Africa. Inafaa kukumbukwa, basi, kwamba Elspeth alikulia katika nyumba ambamo kuandika kulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku, kama kupika chai.

Akiwa bado kijana, alianza kupeleka habari za mchezo wa polo na za uwindaji katika gazeti la East African Standard. Mwaka 1925 aliondoka Kenya kwenda kusomea kilimo katika chuo cha Reading, Uingereza, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Kuanzia mwaka 1929 hadi 1932 alifanya kazi ya habari katika Empire Marketing Board mjini London. Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi Aldous Huxley. Hakuacha kurudi Njoro. Mama yake aliishi huko hadi mwaka 1965, na nyumba ile ndiyo iliyomfungulia Kenya kila alipoihitaji kwa ajili ya maandishi yake.

Riwaya za kupitisha wakati

Kitabu chake kikubwa cha kwanza hakikuwa bunilizi. White Man's Country, kilichotoka mwaka 1935 kwa juzuu mbili, ni wasifu wa Lord Delamere, mlowezi aliyepewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903 na kujaribu kufuga kondoo wa sufu wa aina ya merino. Kondoo hao walikufa kwa wingi kwa sababu malisho ya Njoro yalikosa madini muhimu. Kitabu hicho kilikuwa kazi nzito ya utafiti, na pia utetezi wa wazi wa walowezi.

Riwaya zilikuja kwa njia nyingine. Gervas Huxley alifanya kazi ya kuitangaza chai ulimwenguni, na mkewe aliandamana naye katika safari ndefu za meli. Abiria wengine walipitisha muda kwa kucheza karata. Elspeth hakuupenda mchezo huo, akaanza kuandika hadithi za upelelezi. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa riwaya tatu: Murder at Government House (1937), Murder on Safari (1938) na Death of an Aryan (1939). Zote zina mpelelezi mmoja, Vachell, raia wa Kanada anayefanya kazi ya polisi katika koloni la kubuni liitwalo Chania. Msomaji wa Nakuru hashindwi kulitambua koloni hilo. Katika riwaya ya tatu, mauaji yanatokea katika jamii ya wakulima wa nyanda za juu, ghala la kukaushia pareto ni mojawapo ya mandhari, na sumu ya mishale ni mojawapo ya vielelezo. Yote hayo ni mambo ambayo mwandishi aliyafahamu kutoka nyumbani kwa mama yake.

Wahakiki wengi huzipita riwaya hizi kwa haraka kwa kuwa ziliandikwa kwa kujifurahisha. Hukumu hiyo ina kasoro. Katika wasifu wa Delamere, Huxley alikuwa wakili wa walowezi. Katika riwaya za upelelezi hakuwa na mteja wa kumtetea, kwa hiyo aliwachora walowezi wakiwa na wivu, ulafi, madeni na ukatili wao. Kanuni za utanzu zenyewe zilimlazimisha kufanya hivyo, kwani hadithi ya upelelezi haisimami pasipo kumshuku kila mtu. Wanafunzi wa Kiswahili wataikumbuka kazi ya Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa katika fasihi yetu. Abdulla naye alikuwa na kazi nyingine ya kumpatia riziki, yaani uhariri wa magazeti, lakini hakuna mhakiki makini wa Kiswahili anayeipuuza riwaya yake kwa sababu hiyo.

Red Strangers na mipaka ya huruma

Mazoezi ya riwaya hizo yalimwandaa kwa kazi kubwa zaidi. Katika miaka ya 1930, Huxley alikaa miongoni mwa Wakikuyu wa upande wa Nyeri akiwahoji wazee kuhusu maisha kabla ya wakoloni kuja. Alihudhuria pia mafunzo ya Bronislaw Malinowski mjini London, ambako Jomo Kenyatta alikuwa akiandaa kazi iliyotoka mwaka 1938 kwa jina la Facing Mount Kenya. Matunda ya utafiti wa Huxley ni riwaya ya Red Strangers, iliyochapishwa mwaka 1939. Inasimulia maisha ya familia moja ya Wakikuyu kwa vizazi kadhaa, na Wazungu wanaonekana ndani yake kama wageni wekundu wasioeleweka sheria zao, kodi zao wala tamaa yao ya ardhi. Mchapishaji wa kwanza, Macmillan, alitaka maelezo ya tohara ya wasichana yapunguzwe. Mwandishi alikataa, na kitabu kikatolewa na Chatto & Windus.

Haya yalikuwa mafanikio ya kweli. Kwa mlowezi wa enzi ile, kuihamisha nafsi ya msimulizi kutoka barazani mwa nyumba ya mwenye shamba na kuipeleka katika boma la mfanyakazi lilikuwa jambo la nadra. Lakini huruma yake ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilidhihirika vita vya ukombozi vilipoanza. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952. Miaka miwili baadaye, Huxley alichapisha A Thing to Love, riwaya inayowaona wapiganaji wa Mau Mau kwa jicho la mlowezi aliyeingiwa na hofu. Madai ya ardhi ambayo Red Strangers iliyaeleza kwa utulivu yanafunikwa humo na kitisho cha viapo. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Detained (1981), alimweka Huxley katika kundi la waandishi waliojenga utamaduni wa kikoloni, na ukosoaji wake hauwezi kuepukwa na yeyote anayemsoma mwandishi huyu leo.

Nani aliyelipa gharama?

Hapa ndipo suala la burudani linaporudi kwa uzito. Kuandika riwaya kwa kujifurahisha kunahitaji wakati, na wakati huo hutoka mahali fulani. Nyanda za Nakuru zilikuwa malisho ya Wamaasai hadi makubaliano ya mwaka 1904 yalipowahamisha ili kuwapisha walowezi. Kazi za mashambani na za majumbani zilifanywa na vibarua Waafrika, wengi wao Wakikuyu walioishi mashambani kama maskwota chini ya sheria ya mwaka 1918, wakitoa siku zao za kazi kwa mwenye shamba. Wanaume walibeba kipande shingoni. Aliyepasua kuni za moto ule wa jioni, aliyepika na aliyechunga mifugo hakuwa na jioni ya kuandikia, na mara nyingi hakuwa amefundishwa kusoma.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya mpangilio huo. Kiswahili kilichotumika kati ya walowezi na wafanyakazi wao kilikuwa Kisetla, lugha iliyopunguzwa ikabakia amri na majibu mafupi. Kiswahili cha Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Huxley, hakikusikika mashambani humo. Shaaban Robert naye aliandika baada ya saa za kazi, akiwa karani wa serikali, lakini hakuwa na shamba wala watumishi wa kumnunulia wasaa. Kuwalinganisha wawili hawa kunaonyesha kuwa burudani ya kalamu iliwezekana pande zote mbili, ila bei yake haikuwa moja.

Miaka ya mwisho

Huxley aliishi sehemu kubwa ya maisha yake Oaksey, Wiltshire, kijiji alichohamia mwaka 1938. Alichapisha The Mottled Lizard mwaka 1962, kitabu kinachorejea ujana wake na Njoro, na mwaka huo huo alitunukiwa nishani ya CBE. Mumewe alifariki mwaka 1971, na mama yake mwaka 1977. The Flame Trees of Thika iligeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni mwaka 1981. Elspeth Huxley alifariki tarehe 10 Januari 1997, akiwa na umri wa miaka 89. Miaka miwili baadaye Red Strangers ilichapishwa upya kwa utangulizi wa Richard Dawkins, mwanasayansi aliyezaliwa Nairobi.

Hitimisho

Maisha ya Huxley yanatoa mafunzo mawili kwa wanafunzi wa fasihi. La kwanza ni kwamba kazi iliyoandikwa kwa kujiburudisha haipaswi kudharauliwa. Mara nyingine mwandishi husema ukweli zaidi anapodhani kwamba anacheza. La pili ni kwamba hakuna burudani isiyo na historia. Njoro ya leo ina Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa walowezi, mwaka ule ule Red Strangers ilipotoka. Wajukuu wa wale waliopasua kuni sasa wanaweza kuketi mahali pale pale na kuandika riwaya zao, kwa Kiswahili ambacho si cha amri. Hao ndio wenye haki ya kumsoma Huxley kwa makini, kumsifu panapostahili, na kuandika yale ambayo yeye, akiwa karibu na moto wa Gikammeh, hakuweza kuyaona.