Marius, Jemadari wa Warumi

Mwaka 157 kabla ya Kristo, karibu na Arpinum, mji mdogo wa Italia, alizaliwa mtoto aliyeitwa Gaius Marius. Jamaa zake hawakuwa miongoni mwa wakubwa waliotawala Rumi. Alipokuwa kijana alikwenda vitani Hispania, akajulikana kwa ushujaa. Akapanda cheo kwa cheo, hata mwaka 107 akachaguliwa kuwa konsuli. Makonsuli walikuwa wakuu wawili waliochaguliwa kila mwaka. Akapelekwa Afrika ya Kaskazini kupigana na Jugurtha, mfalme wa Numidia.

Lakini askari walikuwa haba. Desturi ya Warumi ilikuwa kwamba mtu asiye na mali haandikwi askari, maana walidhani asiye na shamba hana la kupigania. Marius akawaita maskini waje kwa hiari yao, nao wakaja wengi. Watu hao waliufanya uaskari kuwa kazi yao, wakamtazamia jemadari wao awapatie mashamba vita vitakapokwisha. Hapo palikuwa na hatari ambayo wachache waliitambua.

Mwaka 105 Jugurtha alikamatwa kwa hila. Walakini mwaka ule ule Wacimbri na Wateutoni, watu wa kaskazini, waliyaangamiza majeshi mawili ya Rumi huko Arausio. Mji wote ukashikwa na hofu. Marius akachaguliwa konsuli miaka mitano mfululizo, jambo lisilopata kutokea.

Kwa bahati adui hawakuja upesi, naye akautumia muda ule. Aliwaendesha askari mwendo mrefu, kila mtu akijichukulia chakula, chungu na vyombo vya kuchimbia. Ndipo watu wakawacheka, wakawaita nyumbu wa Marius. Karibu na mlango wa mto Rhone aliwachimbisha mfereji, ili merikebu za chakula zipate kupita. Husemwa pia kwamba katika mkuki alitia kijiti mahali pa msumari mmoja wa chuma, ili ukipiga ngao ukatike, adui asiweze kuurusha tena. Na tai akawa bendera kuu ya kila jeshi. Wataalamu wa siku hizi huona kwamba baadhi ya mageuzi haya yalianza kabla yake; nami nawasadiki, kwani mtu mashuhuri hupewa hata sifa za wenziwe.

Mwaka 102 aliwashinda Wateutoni huko Aquae Sextiae, akiwa amewaficha askari 3,000 nyuma yao. Mwaka uliofuata yeye na Catulus wakawashinda Wacimbri huko Vercellae.

Hata mwaka 88, Sulla, aliyekuwa chini yake zamani katika Afrika, akaongoza askari wake kuushambulia mji wa Rumi wenyewe, nao wakamfuata, kwa kuwa walimtegemea jemadari kuliko mji. Marius, mzee wa miaka karibu 70, akakimbia, akajificha katika matope ya Minturnae, kisha akavuka mpaka Afrika. Mwaka 87 alirudi kwa nguvu, na watu wengi wakauawa. Mwaka 86 akawa konsuli mara ya saba, na kabla mwezi wa kwanza haujaisha akafa.