Arthur Junghans: Mfalme wa saa aliyeacha jina lililokataa kufa

JINA la Junghans lingali linaonekana kwenye saa zinazouzwa katika mataifa mengi, ingawa wengi wanaozivaa hawamjui mtu aliyelifanya liwe maarufu. Arthur Junghans, aliyezaliwa mwaka wa 1852 na kufariki mwaka wa 1920, alirithi karakana ya kijijini akaigeuza kuwa kiwanda kikubwa zaidi cha saa duniani.

Maisha yake ni kisa cha ufanisi. Ni kisa pia cha gharama ya ufanisi huo, kwa kuwa kila saa ya bei nafuu iliyotoka katika mitambo yake ilimpunguzia fundi fulani wa mkono riziki yake.

Arthur alikulia Schramberg, mji uliobanwa na milima ya Schwarzwald, yaani Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani. Kwa muda mrefu wakazi wa milima hiyo walikuwa mafundi wa saa za mbao. Majira ya baridi yalipofika na mashamba kufunikwa na theluji, baba alichonga magurudumu, mama akapaka rangi uso wa saa na watoto wakasaidia kazi ndogondogo. Wachuuzi walizibeba saa hizo migongoni na kuziuza kote Ulaya.

Katikati ya karne ya 19 neema hiyo ilianza kukauka. Viwanda vya jimbo la Connecticut, Marekani, vilikuwa vimebuni njia ya kukata magurudumu ya saa kwa mashine kutoka kwa mabamba ya shaba nyeupe. Saa zao zilivuka bahari na kuuzwa kwa bei ambayo fundi wa nyumbani hakuiweza. Serikali ya jimbo jirani la Baden ilifungua shule ya ufundi wa saa mjini Furtwangen mwaka wa 1850 ili kuwaokoa mafundi, lakini wimbi lilikuwa kubwa kuliko mtumbwi.

Babake Arthur, Erhard Junghans, hakuwa fundi wa saa. Alikuwa mfanyabiashara aliyehusika na kiwanda cha kofia na bidhaa nyingine za majani makavu. Mwaka wa 1861 alishirikiana na shemejiye, Jakob Zeller-Tobler, kuanzisha karakana ya kutengeneza vipuri: makasha ya mbao, bawaba, vioo na vifaa vidogo vya shaba. Wateja wake walikuwa mafundi wale wale wa majumbani.

Mambo yalibadilika nduguye Erhard, Franz Xaver, aliporejea kutoka Marekani akiwa na ujuzi wa mitambo ya huko. Kufikia mwaka wa 1866 karakana ya Junghans ilikuwa inaunda saa zake yenyewe. Aliyekuwa akiwauzia mafundi vipuri sasa alikuwa mshindani wao.

Erhard hakuishi kuyaona matunda. Alifariki mwaka wa 1870 akiwa na umri wa miaka 47. Mjane wake, Luise, alishika usukani hadi mwaka wa 1875, wanawe wawili, Erhard mdogo na Arthur, walipopokea kazi hiyo. Erhard mdogo alishughulikia biashara, naye Arthur akajitwika mitambo.

Ugawaji huo ulimfaa. Akiwa kijana, Arthur alikuwa amezuru Marekani na kujionea jinsi kazi ya saa moja ilivyogawanywa katika hatua nyingi fupi, kila hatua ikiwa na mashine yake na mtu wake. Alirudi akiamini kwamba saa nzuri haihitaji fundi mmoja hodari anayeiunda mwanzo hadi mwisho. Inahitaji vipuri vinavyolingana barabara, kiasi kwamba kipuri chochote kinaweza kuingia katika saa yoyote.

Kwa misingi hiyo alianza kuunda saa za ukutani na za kengele kwa wingi. Wateja waliongezeka kwa kuwa nyakati zenyewe zilikuwa zinabadilika. Reli zilikuwa zinasambaa na viwanda vinafunguliwa, na kibarua aliyechelewa alikatwa mshahara. Saa ya kengele, ambayo zamani ilikuwa anasa, sasa ilikuwa kinga ya mfanyakazi dhidi ya kufutwa.

Hata hivyo, hakukosa wapinzani, na mkubwa wao alitoka jikoni mwake. Paul Landenberger, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo na kumwoa dadake Arthur, alijitenga mwaka wa 1875 akaanzisha kiwanda chake papo hapo Schramberg. Kiwanda hicho baadaye kilijulikana kama Hamburg-Amerikanische Uhrenfabrik, na nembo yake ilikuwa mishale miwili iliyopishana. Kwa zaidi ya nusu karne mashemeji hao na warithi wao waligombea wateja wale wale kutoka katika bonde moja. Junghans nao walijitambulisha kwa nyota yenye ncha nane, nembo iliyoanza kutumika mwaka wa 1890.

Mwaka wa 1900 kampuni ya Arthur iliungana na ile ya Thomas Haller ya mji wa Schwenningen. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1903, ilitambuliwa kuwa ndiyo kubwa zaidi duniani katika utengenezaji wa saa. Ilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,000, nao waliunda zaidi ya saa milioni tatu kwa mwaka.

Kwa familia za milimani, takwimu hizo zilikuwa na maana mbili. Waliopata ajira kiwandani walipata mshahara usiotegemea soko la wachuuzi. Lakini uhuru wa kufanya kazi nyumbani, kwa mwendo wa mtu mwenyewe, ulikuwa umetoweka. Fundi aliyezoea kuunda saa nzima sasa alikaa siku kutwa akikaza skrubu moja, akiongozwa na king'ora cha kiwanda. Waliokuwa wakiuza muda sasa walipimiwa muda.

Arthur hakuwa kipofu kwa hali ya wafanyakazi wake. Ushahidi wake ungali umesimama Schramberg: jengo la ghorofa tisa lililojengwa kati ya mwaka wa 1916 na 1918 kwa ramani ya msanifu majengo Philipp Jakob Manz. Limepanda mlima kama ngazi, kila ghorofa ikirudi nyuma kidogo ya ile iliyo chini yake, na meza za kazi zikapangwa mbele ya madirisha makubwa. Macho ya fundi wa saa ndiyo mtaji wake, na hapo kila mmoja alipata mwanga wa jua.

Lakini jengo hilo lilikamilika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mitambo iliyozoea kupima saa za watu kuamka ilikuwa pia imeelekezwa katika kuunda vifaa vya kulipulia makombora. Arthur alifariki mwaka wa 1920, miaka miwili baada ya vita kwisha.

Warithi waliendeleza alipoachia. Ule uhasama wa mashemeji ulikoma mwaka wa 1930 kiwanda cha mishale kilipomezwa na kile cha nyota. Miaka ya hamsini Junghans ilisifika kwa saa za mkono za usahihi wa juu, na mwaka wa 1961 ikatoa saa za mkono zilizosanifiwa na msanii Mswisi, Max Bill.

Kilele cha sifa hizo kilikuja mwaka wa 1972, Junghans ilipopewa jukumu la kupima muda katika Michezo ya Olimpiki ya Munich. Huko ndiko Kipchoge Keino alikotwaa dhahabu katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 23.64, mbele ya Mkenya mwenzake Ben Jipcho. Wakenya Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Naye John Akii-Bua wa Uganda aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82 katika mita 400 kuruka viunzi.

Usahihi ulifikia kiwango cha kuzua mjadala. Katika uogeleaji wa mita 400 wa mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Uswidi alipewa dhahabu kwa kumshinda Tim McKee wa Marekani kwa elfu mbili za sekunde tu. Baadaye kanuni zilibadilishwa ili uogeleaji upimwe kwa sehemu za mia pekee.

Aliye juu mngoje chini. Miaka hiyo hiyo ya sabini saa za kwatsi kutoka Japani, na baadaye bidhaa rahisi za mataifa mengine ya Asia, ziliifanyia Junghans kile ambacho Arthur aliwafanyia mafundi wa milimani. Kampuni ilijaribu kujinusuru kwa uvumbuzi, na mwaka wa 1990 ikatoa saa ya mkono inayojirekebisha kwa mawimbi ya redio. Hata hivyo umiliki ulibadilika, na mnamo Agosti 2008 ikatangaza kwamba imefilisika.

Wokovu ulitoka nyumbani. Mapema mwaka wa 2009 Hans-Jochem Steim na mwanawe Hannes, wenye viwanda wa Schramberg, waliinunua na kuifufua. Mwaka wa 2018 lile jengo la ngazi lilifunguliwa kama jumba la makumbusho ya saa.

Junghans iliyofufuka haishindani tena kwa wingi wala kwa urahisi wa bei. Inauza ustadi, historia na saa za springi, yaani mambo yale yale ambayo mitambo ya Arthur iliyasukuma kando zaidi ya karne moja iliyopita. Wakati ni ukuta, na mfalme wa saa mwenyewe hakuuvuka. Jina lake limeokolewa na kile alichodhani kimepitwa na wakati.