Abebe Bikila: Tumpime kwa Medali au kwa Kovu?

Muhula uliopita ubishi ulizuka bwenini usiku wa manane: nani mkali zaidi kwenye marathoni, Abebe Bikila wa Ethiopia au Eliud Kipchoge wa Kenya? Wote wana dhahabu mbili za Olimpiki katika mbio hizo. Na wote, walipoitafuta ya tatu, mwili uligoma wakaishia njiani: Kipchoge kule Paris mwaka 2024, Bikila kule Mexico mwaka 1968. Jamaa mmoja akafunga mjadala kwamba bingwa wa kweli haachi mbio. Nilinyamaza, ila hoja ile ilinikaa kooni. Hebu tumwangalie Bikila.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato. Alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie, na kocha wake alikuwa Onni Niskanen, raia wa Sweden. Mwaka 1960, mjini Roma, alikimbia pekupeku kilomita 42 na ushee, akashinda kwa saa 2:15:16. Dunia ilikuwa haimjui kabisa.

Wiki chache tu kabla ya mbio za Olimpiki ya Tokyo ya 1964, alipasuliwa kidole tumbo. Wengi walidhani basi tena. Yeye akaenda, safari hii na viatu, akashinda kwa saa 2:12:11. Akawa mtu wa kwanza kutwaa marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Ikaja Mexico. Alikuwa na miaka 36, na mfupa wa mguu ulikuwa umeumia. Baada ya kilomita 17 hivi akatoka. Mwenzake Mamo Wolde akaichukulia Ethiopia dhahabu. Katika mbio hizohizo Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari, alianguka, akaumia goti, akachechemea hadi mwisho. Alifika zaidi ya saa moja baada ya Wolde, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza.

Tunamsifu Akhwari, na ni haki yake. Kosa ni kumtumia yeye kumbeza aliyetoka. Bikila aliyetoka Mexico ndiye yuleyule aliyeshinda Tokyo na kovu bichi tumboni. Moyo ulikuwa uleule, jeraha ndilo lilikuwa jingine. Kovu la tumbo lilikuwa limefunga, lakini mguu ndio hubeba kila hatua. Kwetu Kenyamonta, maksai akilala katikati ya shamba, mzee huinama kwanza kumkagua kwato kabla hajashika fimbo.

Machi 1969 Bikila alipata ajali ya gari karibu na Addis Ababa, akapooza. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akatibiwa kwa miezi mingi. Mikono ilirudi, miguu haikurudi. Basi akashika upinde, akashindana kulenga shabaha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mshindi wa Roma na Tokyo alikubali kuanza upya, mchezo mwingine, bila uhakika wa medali yoyote. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41 tu.

Sasa, nani mkali zaidi? Kwa medali za Olimpiki ni sare, na hesabu ya "kama asingeumia" haina mwisho. Mimi naona swali la haki ni moja: siku ile, kwa mwili aliokuwa nao, alifanya nini?

Naliuliza kwa sababu sisi wa ualimu tutakwenda kusahihisha karatasi za watoto. Yupo atakayefanya mtihani huku malaria imempanda, na yupo atakayeshindwa kabisa kuumaliza. Alama tutaandika, hiyo ndiyo kazi. Ila kabla ya kumwita mtoto mvivu, jamani, tuinamie kwato kwanza.