Kantaro Suzuki na Neno Lililolaumiwa

Kantaro Suzuki alizaliwa Januari 1868, mwaka ambao enzi ya Meiji ilianza kuigeuza Japani. Alijiunga na jeshi la wanamaji, akaongoza kikosi cha manowari katika vita vya Tsushima mwaka 1905, na hatimaye akawa admirali. Kuanzia 1929 alihudumu katika kasri la Mfalme Mkuu Hirohito. Alfajiri ya Februari 26, 1936, askari waasi walimvamia nyumbani na kumpiga risasi. Walipotaka kummaliza kwa upanga, mkewe Taka, aliyemlea Hirohito utotoni, aliwasihi, nao wakamwacha.

Aprili 7, 1945, akiwa na umri wa miaka 77, mzee huyu alikabidhiwa uwaziri mkuu. Wamarekani walikuwa wameshatua Okinawa. Hadharani Suzuki alilihimiza taifa kupigana. Faraghani, serikali yake ilitaraji Muungano wa Kisovieti uwe mpatanishi.

Tamko la Potsdam la Julai 26 liliitaka Japani isalimu amri, bila kutaja hatima ya Mfalme Mkuu. Siku mbili baadaye, akiwajibu wanahabari, Suzuki alitumia neno mokusatsu, linaloundwa na dhana mbili: kimya na kuua. Kiswahili kina kitenzi kilicho jirani nalo, kunyamazia, ambacho nacho hubeba staha na dharau kwa pamoja. Ng'ambo neno lilifasiriwa kuwa ni kukataa kwa dharau, na tangu hapo wapo wanaodai kwamba ni tafsiri iliyoiangamiza Hiroshima. Dai hili huwavutia sana wapenzi wa lugha. Hata hivyo, kalenda hailiungi mkono: amri ya kutumia mabomu ilitolewa Julai 25, kabla hata ya tamko lenyewe. Labda kukubali waziwazi kungeisimamisha, lakini baraza la Suzuki halikuwa na kauli moja ya kukubali.

Hiroshima ilipigwa Agosti 6. Agosti 9 majeshi ya Kisovieti yaliingia Manchuria, na tumaini la upatanishi likafa. Asubuhi hiyo wajumbe sita wa baraza kuu la vita walikuwa kikaoni habari za Nagasaki zilipowafikia. Ajabu ni kwamba hata hapo waligawanyika watatu kwa watatu. Suzuki, Togo na Yonai walitaka kiti cha enzi tu kilindwe. Anami, Umezu na Toyoda waliongeza masharti matatu, likiwemo la kuzuia Japani kukaliwa na majeshi ya kigeni. Usiku Suzuki alifanya jambo lisilo la kawaida: badala ya kupiga kura, alimwomba Hirohito aamue. Hirohito alichagua amani.

Anayesema bomu peke yake ndilo lililomaliza vita ana hotuba ya Hirohito ya Agosti 15, iliyolitaja. Anayekanusha ana waraka wake kwa wanajeshi wa Agosti 17, uliotaja Wasovieti na kulinyamazia bomu. Mgawanyiko wa wale sita unaelekea kuonyesha kwamba mabomu hayakutosha. Iwapo yalihitajika, ilhali ahadi kuhusu kiti cha enzi haikuwa imejaribiwa, ni swali zito zaidi, kwani yakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa katika miji hiyo miwili kufikia mwisho wa 1945.

Asubuhi ya Agosti 15 wapinga amani waliichoma nyumba ya Suzuki, alikuwa ameponyoka. Aliondoka madarakani siku mbili baadaye, akafariki Aprili 17, 1948.