Chebotaryov: Mwanahisabati wa ndoo za kabeji

Mwaka 1922, mjini Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi, mwalimu mmoja wa hisabati asiyefika miaka 30 alikuwa akibeba ndoo. Nyingine zilikuwa za maji, kutoka Peresyp, mtaa wa bondeni, hadi mjini juu. Nyingine zilikuwa za kabeji, kwenda sokoni, ambako mama yake aliziuza ili familia ipate kula. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimetoka kuisha, na njaa ilikuwa kali.

Huyo ni Nikolai Chebotaryov. Vitabu vingi humwandika kama Mrusi, ingawa Kamenets-Podolsk, alikozaliwa mwaka 1894, leo iko Ukraine. Alisoma aljebra Kiev chini ya Dmitry Grave, kisha akahamia Odessa mwaka 1921 kuwasaidia wazazi wake.

Katika safari hizo za ndoo, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, ndipo alipopata jawabu la swali ambalo Mjerumani Frobenius alikuwa ameliacha wazi.

Swali lenyewe linahusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Baadhi hupatikana kwa kujumlisha namba mbili za mraba: 5 ni 1 na 4, 13 ni 4 na 9. Nyingine, kama 3, 7 na 11, hazipatikani hivyo kamwe. Ukiendelea kuhesabu, mafungu hayo mawili hukaribia nusu kwa nusu. Hilo lilijulikana zamani. Chebotaryov alithibitisha kwamba milinganyo mingine ya aljebra nayo hugawa namba tasa katika mafungu, na kila fungu lina sehemu yake inayoweza kukokotolewa mapema.

Uthibitisho wake ulitoka kwa Kirusi mwaka 1923, kisha kwa Kijerumani mwaka 1926, na hapo ukavuka mipaka. Emil Artin, aliyekuwa Hamburg, aliitumia mbinu hiyo mwaka 1927 kuthibitisha kanuni yake kubwa. Chebotaryov naye alikuwa ameanza kuiona njia hiyohiyo. Aliporudi Odessa kutoka mapumzikoni, akaikuta makala ya Artin kwenye rafu ya vitabu vipya vya maktaba. Amechelewa, japo ufunguo ulikuwa wake.

Kabla ya hapo, mwaka 1924, Moscow ilimpa kazi. Nafasi ilikuwa ya Dmitri Egorov, mwanahisabati aliyeondolewa. Kwa mtu aliyetoka kwenye ndoo, ile ilikuwa riziki ya kushikilia kwa mikono miwili. Hakuwa na raha nayo. Baada ya miezi kadhaa aliiacha, akarudi Odessa.

Mwaka 1928 alikwenda Kazan, akafundisha huko na kuandika kitabu kuhusu nadharia ya Galois. Alifariki mwaka 1947, akiwa na miaka 53. Mwaka uliofuata serikali ya Kisovieti ikampa Tuzo ya Stalin.